Nyaya Nilizozifunga Vizuri

Mimi ni mtu wa kujisifu, basi niacheni nianze kwa kujisifu. Katika klabu ya roboti ya nyumba ya vijana hapa Sfax, miaka kumi na sita iliyopita, hakuna aliyeweza kufunga nyaya kunishinda. Wenzangu waliziacha zikining'inia kama matumbo ya kuku. Mimi nilizipanga zote, nyembamba na nene, nikazilaza pamoja, nikazifunga kwa uzi wa nta, fundo moja kila upana wa kidole, mpaka zikawa kitu kimoja kilichonyooka. Mgeni akija, Raouf, kiongozi wetu, alimfungulia roboti tumbo kabla hata hajaiwasha, amwonyeshe kazi ya Wided. Wided ndiye mimi.

Ufundi huo alinifundisha mjomba Mongi, kaka wa mama, aliyezeekea kwenye mitambo ya simu. Huko kwao nyaya zilifungwa mamia kwa mamia, na fundi aliyeacha hata mmoja umezagaa alinyimwa chai siku nzima. Nilijifunza nikiwa na miaka kumi na miwili, nimekaa kwenye sakafu ya sebule yake, na kila nilipokosea fundo alilikata akaniambia nirudie. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba nyaya ni nyaya tu, damu hunichemka.

Klabu yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa judo. Tulifanya kazi huku watu wakiangushwa upande wa pili wa ukuta, na kila kishindo kizito kiliteremsha chokaa kidogo juu ya meza. Pasi ya kulehemia iliyopata moto sawasawa ilikuwa moja tu, na tuliigombania kama watoto wa mama mmoja. Mota tulizitoa kwenye vifuta-vioo vya magari mabovu, magurudumu kwenye viti vya ofisi, bodi kwenye mashine za kuchapishia zilizokufa. Saa kumi jioni Raouf alichemsha chai ya kijani, akatupia lozi juu, tukala mkate wa jodari na harisa, ile pilipili ya kusaga, kwa mikono ile ile yenye lehemu, na hakuna aliyekufa. Sasa nina maabara yenye kiyoyozi na pasi kumi na mbili za kulehemia. Ningezitoa zote nipate jioni moja tu ya chumba kile, na hapo sitii chumvi.

Aliyekaa nami meza moja alikuwa Hichem, mwandishi wa programu. Baba yake, Ami Tayeb, ni fundi viatu ndani ya mji wa kale, kwa hiyo Hichem alivaa viatu vizuri kuliko kijana yeyote wa Sfax na alitembea navyo vibaya kuliko wote. Nilikuwa nikimwambia, "Viatu vya waziri, mwendo wa bata." Naye hakukosa jibu, alisema roboti yetu ni ya kwanza duniani kusukwa nywele. Alinitania hivyo, lakini uzi wangu wa nta ulipoisha ni yeye aliyenichukulia mwingine karakanani kwa baba yake. Nilimpenda kama ndugu. Sikumwambia, maana wakati ule nilidhani mambo hayo hayasemwi.

Hichem alikuwa na jambo zito kuliko sisi wengine. Baba yake alikuwa mtu wa kauli moja. Alimnunulia kompyuta kwa shida, akamruhusu kuanza mwaka wa kwanza chuoni, halafu akampa sharti: mashindano ya mji mkuu, Tunis, ya mwezi wa nne. Kitu anachokitengeneza kikisimama mbele za watu kikafanya kazi, aendelee na chuo. Kikishindwa, arudi kwenye kazi ya viatu, maana macho ya baba yanachoka na nyumba inahitaji mkono wa pili. Hichem alitusimulia haya akicheka, lakini mkate wake aliuacha nusu, na Hichem hakuwa mtu wa kuacha mkate.

Roboti tuliiita Mabrouka, jina la shangazi yake Raouf asiyemsikiliza mtu. Kazi yake ilikuwa kubeba vipande sita vya mbao kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine bila kuguswa. Ndani yake kulikuwa na bodi mbili: moja ya kufikiri, nyingine ya kuendesha mota. Kati yao ulipita waya wa data, na humo maagizo yalikwenda herufi moja moja, kwa foleni: nenda, punguza, geuka, simama. Zilipobaki wiki tatu, Mabrouka akaanza wazimu. Alikwenda vizuri hatua mbili tatu, akafika kwenye kona, akatetemeka, halafu akaenda mbio ukutani kana kwamba ameitwa huko.

Katika klabu yoyote ya roboti, kitu kikiharibika vita ni vya pande mbili. Wa programu husema ni nyaya. Wa nyaya husema ni programu. Hichem alisema ni kelele kwenye waya wa data. Kelele hiyo si ya masikio: mota ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, waya ulio jirani nayo hushtuka, na herufi inayopita humo hufika imeharibika. Nilimuuliza kama ni nyaya zangu anazozisema. Akanijibu kwamba anasema umeme, na umeme haujui nyaya ni za nani.

Raouf akaamua zipimwe. Bodi ya kufikiri ikawekwa kutuma herufi U, moja baada ya nyingine, maelfu, na bodi ya mota ikahesabu zilizofika vibaya. Mafundi hupenda U kwa sababu ndani ya waya herufi hiyo ni washa, zima, washa, zima, bila kupumzika. Ili Mabrouka asikimbie na kompyuta aliyofungwa nayo, tulimkalisha juu ya sufuria iliyopinduliwa, magurudumu hewani, tukazungusha mota kwa kasi yote. Tulikunywa chai tukitazama hesabu ikipanda. Herufi elfu thelathini, makosa, sifuri.

Nilisimama nikawainamia watu kama mwigizaji mwisho wa mchezo. Hichem alikuna kichwa. Alisema tumempima akiwa hewani, hana mzigo, na mota inayozunguka bure haivuti umeme wa maana.

"Mteremsheni chini," alisema. "Mpimeni akisukuma kitu."

"Elfu thelathini, Hichem," Raouf akamjibu. "Unataka ngapi, laki?"

Nami nikaongeza la kwangu, na nalikumbuka neno kwa neno: "Wewe andika programu yako vizuri, nyaya zangu uziache." Watu wakacheka. Hichem hakubishana tena. Alikwenda nyumbani, na kwa siku kumi aliiandika programu upya mara nne. Alikuja macho mekundu, na kila alipoileta Mabrouka aliipokea, akatembea hatua zake mbili tatu, akaenda ukutani.

Siku ya kumi na moja Raouf alifuta jina lake kwenye orodha ya wanaokwenda Tunis. Hakufanya kwa ubaya. Alisema programu ataishika yeye mwenyewe kwa siku zilizobaki, kwa kuwa muda umetubana. Hichem aliiacha kazi yake yote kwenye kompyuta ya klabu, akatuaga mmoja mmoja kwa kupeana mikono, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya, akaondoka. Nilimwona dirishani akivuka uwanja kwa mwendo wake ule ule, na sikupata cha kumtania.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Asubuhi nilikwenda klabu peke yangu. Nimezoea kujiambia kwamba nilikwenda kwa ajili ya haki. Ukweli ni kwamba nilitaka kuhakikisha Hichem amekosea, nipate kula chakula cha mchana kwa raha. Nilimteremsha Mabrouka chini, nikamwelekeza kwenye ukuta wa judo, nikamwekea tofali mbele na jingine mgongoni, nikamwamrisha asukume, arudi, asukume. Herufi zikaanza kupita. Mota zilipokamata mzigo, hesabu ya makosa ikaruka. Sita. Arobaini. Mia mbili na kitu. Nilizima, nikawasha, nikasema labda tofali limegusa mahali. Nikaliondoa, nikamsukumiza Mabrouka ukutani kwa mkono. Ikaruka tena.

Ndipo nikaelewa. Mjomba Mongi alifunga pamoja nyaya za simu na za simu, zote zikinong'ona kwa sauti moja. Mimi nilikuwa nimeuchukua waya wa data, unaonong'ona, nikaulaza ubavu kwa ubavu na nyaya za mota zinazopayuka, kisha nikazikaza kwa fundo kila upana wa kidole ili zisiachane hata kidogo. Kadiri nilivyozifunga vizuri ndivyo nilivyoharibu. Lau ningekuwa mvivu, nikaziacha zining'inie kama za wenzangu, Mabrouka asingeugua.

Nikachukua mkasi. Nilikata mafundo yote, na kila moja liliniuma. Nikautenga waya wa data, nikausokota pamoja na waya wake wa kurudishia umeme, nikaupitisha upande wa pili wa roboti, mbali na mota. Nikapima tena na matofali: herufi elfu kumi, kosa hakuna. Kisha nikaingiza programu ya Hichem, ile ya mwanzo kabisa, kabla hajaanza kuiandika upya. Mabrouka akapita kona, akabeba vipande vyote sita, akasimama pale pale alipotakiwa kusimama. Nilikaa sakafuni nikalia, na sikulia kwa furaha.

Simu nilikuwa nayo mfukoni. Kwa kina Hichem ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Zilibaki siku sita, na jina lililofutwa kwa kalamu linaandikwa tena kwa kalamu. Nilichofanya ni kufagia vipande vya uzi, kuvitia kwenye pipa, na kuzifunga nyaya za mota upya, vizuri, ili mtu akifungua asione tofauti. Jumatatu Raouf alibadilisha mistari mitatu katika programu ile, akamwasha Mabrouka, akaona anatii, akapiga ukelele mpaka watu wa judo wakaja kutazama wakiwa na mikanda yao. Akadhani ni mistari yake mitatu. Nilimpigia makofi.

Mtaniuliza kwa nini. Nilikuwa msichana pekee pale, na kilichonipa kiti mezani ni nyaya zile. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mwanzoni. Baadaye nilipata nyingine ya kitaalamu zaidi: lau Hichem angeweka hesabu ya kuhakiki mwishoni mwa kila agizo, herufi mbovu zingekataliwa mlangoni, kwa hiyo naye ana lake. Ni kweli, isipokuwa hakuna hata mmoja wetu aliyelijua jambo hilo wakati ule. Niliitumia sababu hiyo miaka mingi, hasa nilipoanza kupewa vyeti. Ni kiburi na woga, basi.

Tunis tulishika nafasi ya tatu. Tulikwenda kwa teksi ya abiria wanane, Raouf amempakata Mabrouka kama mtoto mchanga, tukiimba njia nzima mpaka dereva akatuomba tumwonee huruma. Tulikula maandazi ya moto kando ya barabara, sukari ikatumwagikia nguoni, na Raouf akapanda jukwaani kupokea cheti akiwa na sukari kwenye tai. Kuna picha ya siku hiyo. Ninacheka meno yote nje, na ilikuwa furaha ya kweli, hilo ndilo linalonitia haya. Niliweza kujua nilichokijua na bado nikafurahi.

Ami Tayeb alisikia kwamba roboti ilitengemaa mara tu mwanawe alipoondolewa. Hakuhitaji kusikia zaidi. Kabla ya mwezi wa tano kwisha Hichem alikuwa karakanani, ameacha chuo. Miaka ya mwanzo nilipokuwa na shughuli mji wa kale nilizunguka kwa uchochoro mwingine. Kisha nikazoea kuzunguka, na nikasahau kwamba nazunguka.

Mwezi uliopita wanafunzi wangu wawili walileta roboti inayotetemeka kwenye kona. Binti wa nyaya na kijana wa programu walikuwa hawasemezani tangu Alhamisi. Niliwaambia waiteremshe chini, waiegemeze ukutani isukume, wapime laini ya data hivyo hivyo. Makosa yakaruka. Wakatazamana, wakacheka, binti akautenga waya wake akausokota, wakaenda kula pamoja. Nilitazama saa. Ilikuwa imewachukua dakika kumi na moja. Niliahirisha kipindi cha mchana, nikachukua mkoba, nikaenda mji wa kale kwa njia iliyonyooka.

Hichem amenenepa na nywele zimemtoka mbele. Alinitambua kabla sijavuka kizingiti. Alinipa kigoda, akaagiza chai, na ni yeye aliyeanza kukumbusha: chokaa ya ukuta wa judo, lozi za Raouf ambazo alizihesabu asije mtu akapata mbili zaidi, shangazi Mabrouka aliyekuja klabu siku moja akauliza kwa nini mashine ina jina lake. Tulicheka mpaka nikafuta machozi, na ningeweza kuishia hapo. Kisha akasema watoto wake kompyuta yao ikigoma huwapeleka kwa jirani.

"Mimi vitu hivyo vilinikataa," alisema, bila uchungu wowote, huku akipaka gundi kwenye soli.

Niliiweka chini glasi ya chai. Nikamwambia. Nilimwambia yote, Jumapili ile, matofali, mkasi, programu ya mwanzo, makofi niliyompigia Raouf. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliiweka soli chini, na gundi ikaanza kukauka bila yeye kujali. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Ile ya mwanzo?" aliuliza. "Hukubadilisha kitu?"

"Sikugusa hata nukta."

Alijifuta gundi vidoleni. Kisha akaelekeza kidevu nyuma ya karakana, alipoketi Ami Tayeb akipunguza ngozi kwa kisu, mgongo umepinda, miwani minene. "Mwambie yeye," alisema. "Mimi siwezi."

Nilikwenda, nikambusu mzee kichwani, nikachuchumaa mbele yake, nikaanza kwa sauti ya chini. Akanionyesha sikio. Miaka hamsini ya nyundo imelimaliza.

"Sema kwa nguvu, binti yangu."

Karakana za uchochoro ule zote ziko wazi mbele, na mafundi hutazamana huku wakigonga. Nilisimama, nikapiga moyo konde, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Roboti ile ya Tunis, ami, niliiharibu mimi. Kazi ya Hichem ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Nilijua, nikanyamaza."

Nyundo ya jirani ikanyamaza, kisha ya aliyeelekeana naye, kisha zote. Ami Tayeb alinikazia macho muda mrefu. Sijui alikuwa akitafuta nini usoni mwangu. Alipozungumza hakuzungumza nami.

"Kompyuta niliiuza wiki ile ile, Hichem. Ulinisihi, nikaiuza."

"Najua, baba."

"Una miaka mingapi sasa?"

"Thelathini na sita."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akaishika tena ngozi aendelee kuikata, lakini kisu kilikuwa kikimcheza mkononi, na Hichem akaja akakichukua taratibu asije akajikata. Hakuna aliyeniambia niketi wala niondoke. Nilibaki nimesimama kati ya viatu vya watu, na uchochoro mzima ukinitazama, mpaka mafundi wakaanza kugonga tena.